Taa za Meza ya Kwanza

Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo
Dar es Salaam
3 Februari 1956

Dada Zamda,

Shikamoo. Mdogo wako Rajabu ni mzima, na naomba barua hii iwakute nyote mko salama, wewe, shemeji Hamis na mpwa wangu Mgeni. Huku wifi yako Sofia asubuhi hali kitu, akinusa vitunguu anakimbilia uani. Umeshaelewa. Sitaandika zaidi maana baba mkwe hapendi mambo hayo yatangazwe mapema. Joto la mwezi huu halisemeki, tunalala milango wazi kama watu wasio na mali, na kweli hatuna.

Sasa sikia. Nimetolewa kwenye kubeba makasha! Pale kiwandani kwetu Barabara ya Pugu amekuja Mzungu mmoja na hesabu mpya, anasema huko kwao waliitumia wakati wa vita kwenye viwanda vya silaha. Zamani kila taa ya chemli ilikaguliwa peke yake, na bado mbovu zilipita, maana mkaguzi naye macho yanachoka. Sasa hatukagui zote. Katika kila kasha la taa hamsini naingiza mkono popote bila kuchagua, natoa tano tu, nazijaza mafuta, nazilaza juu ya karatasi kavu. Inayovuja naihesabu, kisha natia nukta kwenye karatasi kubwa ya ukutani. Karatasi ina mstari mwekundu. Nukta zikikaa chini yake, kasha linatoka na kwenda kuuzwa. Zikiuvuka, kazi ya meza ile inasimama mpaka ijulikane kuna nini. Tano zinasema habari za hamsini, dada! Mimi mwenyewe nilicheka mwanzoni, lakini ni hesabu ya kweli, nimeielewa, na Mzungu kaniambia kwa mdomo wake kwamba nina kichwa.

Mafundi wa kulehemu matangi ya mafuta ni wawili. Meza ya kwanza ni ya baba mkwe mwenyewe, Mzee Mwinyimvua, na taa zake zina mkato mmoja wa patasi chini ya tangi. Meza ya pili ni ya Isidori, Mchaga wa Kibosho, huyo anakata miwili. Nukta za Isidori leo ziko juu, kesho chini, siku nyingine zinaugusa kabisa mstari. Za mzee hazitoki sifuri. Nikifika kwake hata sihangaiki kuinama, ananitolea tano kwa mikono yake, ananiambia, "Chukua, mwanangu." Watu wanakuja kuitazama karatasi yake kama harusi.

Nimekupakilia kasha moja kwenye gari moshi ukaziuze hapo stesheni. Nimekuchagulia za mkato mmoja.

Akupendaye,
Rajabu


Kilosa
26 Februari 1956

Mdogo wangu Rajabu,

Marahaba. Sisi wazima. Shemeji yako kapigwa zamu ya usiku relini, mchana kutwa amelala na ukitia kijiko kwenye sufuria anafoka. Mgeni amehamia darasa la pili na sasa anaandika kila anachokiona, mpaka ukuta wangu wa jikoni umeandikwa "jikoni". Ningemchapa, lakini hati yake nzuri kuliko yako. Mwambie wifi Sofia anyonye ndimu na aache kunusa vitunguu vya watu.

Taa zimefika na zinatoka. Nimebakiza moja ya kwangu. Hongera kwa cheo, na mimi nimejisifia mpaka kwa watu nisiowasalimia.

Ila nakuuliza kwa ujinga wangu. Mimi napika wali tangu sijaota meno ya ukubwani, na kuna siku unaungua, kuna siku unakuwa bokoboko. Sasa huyo mkweo ni fundi gani asiyeharibu hata kimoja, asubuhi na jioni, mwezi mzima? Huyo Mchaga wako anayepanda na kushuka ndiye naona anafanana na binadamu.

Halafu mama mmoja wa Mkwatani kanirudishia taa, anasema inatokwa jasho la mafuta. Nimempa nyingine.

Dada yako,
Zamda


Kariakoo
20 Machi 1956

Dada Zamda,

Shikamoo. Tuko salama. Mvua imeanza kwa fujo, uani kwetu tunavuka kwa tofali. Sofia ndimu zimemsaidia, anakushukuru. Baba mkwe alikuja Jumapili kula nasi, akamimina chai pembeni ya kikombe mpaka ikamwagikia mkeka, basi tulicheka wote na yeye akacheka. Utu uzima nao una mambo yake.

Kuhusu swali lako, dada, usikasirike, lakini hesabu hii si ya wali. Mzee ana miaka mingi kwenye lehemu, alifunzwa na Wahindi wa mtaa wa Gerezani hata sisi hatujazaliwa. Kwa nini asiwe bora? Meneja mwenyewe kaagiza karatasi yake iwekwe karibu na mlango, wageni waione. Isidori ameonywa mara ya pili. Nilimwonea huruma, ni mtu mpole, anakula mihogo peke yake na kunikaribisha, lakini nukta ni nukta.

Huyo mama wa Mkwatani atakuwa ameiangusha. Watu wakivunja kitu husema walikinunua kibovu.

Nitakutumia kasha jingine.

Rajabu


Kilosa
9 Mei 1956

Rajabu,

Sikukuandikia kwa muda, usione nimekususia. Mwezi mtukufu unatupita vibaya. Mgeni hajambo kidogo, kalala hospitali, mimi ndiye ninayelala naye huko, na hii naiandikia mgongoni mwa kiti cha watu.

Hilo kasha jingine usilete. Na taa zilizobaki kwenye lile la kwanza nimezifungia.

Nijibu kitu kimoja. Ukifika kwenye meza ya mkweo, nani anayechagua zile taa tano? Ni wewe unayeingiza mkono, au ni yeye anayekupa? Usinieleze hesabu. Nijibu hilo tu.

Zamda


Kariakoo
28 Mei 1956

Dada Zamda,

Shikamoo. Idd mubarak, ingawa imeshapita. Poleni sana na homa ya Mgeni, majira haya ni ya homa, hata huku watoto wa jirani wameugua. Nimempa kondakta mmoja kanga pea moja akuletee, na peremende za mtoto. Sofia sasa anatembea kwa kujishika kiuno, na mama yake amehamia kwetu kumtazama, kwa hiyo mimi nalala kwenye korido.

Mengine ni heri. Isidori ameachishwa kazi wiki jana. Nukta zake ziliuvuka mstari mara tatu mfululizo, na Meneja akasema kiwanda si shule. Alikusanya vifaa vyake, akaniaga kwa mkono. Sasa meza zote mbili ziko chini ya baba mkwe na vijana wawili anaowafundisha. Mimi nimeongezwa mshahara na kupewa koti la kaki.

Ulichoniuliza ni jambo la kazi tu, dada, refu kulieleza kwenye barua. Mzee ni baba wa mke wangu. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mtu hapekui mbele ya mkwewe.

Rajabu


Kilosa
12 Juni 1956

Rajabu,

Kanga nimezipata. Nimempa nesi.

Si homa. Sikutaka kukuandikia kwa sababu nilitaka kwanza nijue kama unajua. Sasa umenijibu, ingawa ulifikiri hukunijibu.

Ilikuwa baada ya futari. Nilimtuma Mgeni achukue ile taa yangu ya mkato mmoja, animulikie nikoshe vyombo. Alikuja nayo akiibeba kwa mikono miwili, maana nilimwambia mjomba wake ndiye aliyeipima. Tangi likaachia kwenye maungio, mafuta yakamwagika yakakutana na moto. Nilimsikia kabla sijamwona. Hamis alimzima kwa mkeka wa kulia chakula.

Tangi ninalo hapa. Lehemu yake imekaa kando ya ufa, si juu yake. Hata mimi nisiye fundi naona. Mtu aliyeipaka hakuwa anaona anapopaka, na wewe uliniandikia mwenyewe kwamba anamimina chai nje ya kikombe, tena ukacheka.

Najua ilivyokuwa, nimezaliwa Kariakoo. Kwetu mtu akikuomba sampuli unamwonyesha iliyo nzuri, vitunguu vizuri juu, vibovu chini, na mgeni wa heshima humpi kipande kibaya. Mkweo alizipapasa kwa kidole gumba, akajua zipi zimeshika, akakupa hizo kwa adabu zake za kizee. Simlaumu sana. Amefanya kama watu wote wa mtaa wetu wanavyofanya. Lakini wewe ulifundishwa. Wewe uliambiwa na huyo Mzungu wako uingize mkono bila kuchagua. Na kwa Isidori uliingiza mkono mpaka chini, kwa sababu yeye si mkweo, basi ndiyo maana nukta zake zilikuwa za kweli na za mzee za uongo. Umemfukuza aliyekuwa fundi.

Taa hizo zimekwenda Morogoro, Dodoma, Tabora, sijui wapi. Kuna watoto wanaozibeba sasa hivi. Nenda kwa Meneja kesho asubuhi, umwambie karatasi ya meza ya kwanza haina maana, taa zirudishwe. Sitaki kitu kingine kwako.

Zamda


Kariakoo
30 Juni 1956

Dada Zamda,

Shikamoo. Barua yako imefika. Pole sana, Mungu atamponya mtoto. Sofia sikumsomea, hali yake hairuhusu.

Naomba unisikilize na mimi. Nikisimama mbele ya wafanyakazi wote nikachokora kasha la Mzee Mwinyimvua, nitakuwa nimemwambia mbele ya watu kwamba ni mwizi, au kwamba ni kipofu. Kipi bora? Ndiye aliyeniozesha binti yake nikiwa mbeba mizigo, hakunidai hata nusu ya mahari niliyotajiwa. Ndiye aliyeniombea kazi. Akitoka pale, kwa macho yale, ataenda wapi? Nani atamlisha? Mimi, kwa mshahara gani, kama na mimi nitafukuzwa?

Halafu, dada, hata hesabu yenyewe haikuahidi kwamba mbovu haitapita kabisa. Mzungu alitueleza tangu mwanzo: ukipima chache, daima kuna mbovu chache zitakazopenya, ndivyo ilivyo Ulaya na kila mahali. Katika maelfu ya taa hii ni moja. Imetuangukia sisi, ni majaliwa.

Baada ya Sofia kujifungua nitaangalia la kufanya. Usinihukumu.

Rajabu


Kilosa
8 Julai 1956

Rajabu,

Majaliwa! Usimsingizie Mungu kazi ya mikono yenu.

Hamis alitaka kupanda gari moshi aje huko na panga. Nimemshika miguu. Sijui kama nimefanya vizuri.

Hiyo hesabu yako ya moja katika maelfu nimemsomea daktari, akaniuliza ni nani aliyeandika. Niliona haya kumwambia ni ndugu yangu, nikasema mtu wa kiwandani.

Usiniandikie tena mpaka uwe umeingiza mkono kwenye lile kasha.

Zamda


Ilala
2 Septemba 1956

Dada yangu Zamda,

Shikamoo. Hii naiandika nikiwa nyumbani kwa rafiki yangu Fikirini, Ilala, baadaye utaelewa kwa nini. Sofia amejifungua salama mwezi uliopita, mtoto wa kiume. Sijamwona zaidi ya siku tatu za mwanzo.

Nimefanya uliyoniagiza. Ilikuwa siku ya malipo, watu wote wapo. Nilifika meza ya kwanza, mzee akaninyooshea taa kama kawaida yake, "Chukua, mwanangu." Nikamwambia, "Samahani, baba, leo nitachukua mwenyewe." Nikavua koti, nikainama, nikaingiza mkono mpaka kwenye majani ya chini ya kasha. Walizima hata mashine ya bati. Nilitoa tano. Zilivuja nne, dada. Nikaenda kasha la pili, zikavuja tatu. Mzee alikuwa amesimama tu na zile taa nzuri mikononi, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Kwani hizi nilizokupa zina kasoro gani?" Mpaka leo naamini hajui alikosea wapi.

Nikatia nukta. Iliuvuka mstari mwekundu mpaka karatasi ikaisha, nikabandika nyingine juu yake. Nikaenda kwa Meneja nikamwambia yote, na habari za taa zilizokwisha kuuzwa. Unajua alisema nini? Alisema zilizouzwa zimeshauzwa. Alisema karatasi ilikuwa nzuri miezi saba, ikaharibika siku moja niliyoamua kuichezea, basi ubovu uko kwa mpimaji. Mzungu amesharudi kwao, sina shahidi. Niliachishwa kazi kabla ya adhuhuri na koti nikalirudisha. Baba mkwe bado yuko pale, wamempa kijana wa kumshikia taa karibu. Makasha yanatoka kama zamani, sasa hakuna anayepima hata tano.

Niliporudi nyumbani mama mkwe alikuwa amekwisha funga virago vya binti yake. Sofia aliniambia neno moja tu, kwamba nimemvua nguo baba yake mbele ya vibarua. Wako kwao Mtaa wa Mkunguni, na mlango sifunguliwi. Nilimtafuta Isidori nikamkuta sokoni anabeba magunia ya viazi. Nilimsalimia, akatazama pembeni kana kwamba nimemsalimia mtu mwingine.

Dada, nimepoteza kazi, nimepoteza mke, mwanangu simwoni, mtaani wananiita msaliti. Nimebaki na wewe tu. Naomba unipokee Kilosa, hata kwenye shamba la mkonge nitafanya kazi. Nilifanya ulilotaka. Nijibu upesi nipande gari moshi la Alhamisi.

Mdogo wako,
Rajabu


Kilosa
19 Septemba 1956

Rajabu,

Najua Alhamisi uliyoitaka imepita. Nimekuchelewesha makusudi ili nisikuandikie nikiwa na hasira, lakini hasira haikuisha, basi naandika nayo.

Uliingiza mkono. Vizuri. Kama ungeuingiza mwezi wa pili, ingekuwa ni kazi yako tu na mkweo angenuna wiki moja. Ukauingiza mwezi wa nane, na wala hukuwafanyia wenye taa, ulinifanyia mimi ili nikuandikie tena. Hamis na mimi tumekwenda kila nyumba ya Kilosa tuliyoiuzia, tumezipasua kwa shoka. Watu wawili walikataa kutupa zao, wanasema zinawaka vizuri. Za Dodoma na Tabora siwezi kuzifikia.

Umeniandikia habari za mkweo, mkeo, mama mkwe, Meneja, Isidori, na koti. Tangu nikwambie kwamba mwanangu ameungua, umemtaja mara moja tu, ukamwachia Mungu. Hujaniuliza ameungua wapi. Hujaniuliza kama anaona, kama anakula, kama amerudi shule. Basi nakwambia bila kuulizwa. Ni uso, upande wa kushoto, na shingo, na mkono wa kuandikia. Vidole vimeshikana. Shule hataki, jua likianza kushuka anaingia chini ya kitanda, na sisi tunakula mapema tusiwashe kitu.

Anakuulizia wewe. Gari moshi la Dar likipiga honi ananiuliza, mbona mjomba haji kunitazama? Namwambia mjomba wako hana habari, hatujamwandikia, tunaogopa kumhuzunisha. Anaridhika. Bado anakupenda, ndiwe mtu pekee wa huko anayemjua.

Kwa hiyo usije. Ukija atajua kwamba siku zote ulikuwa na habari.

Zamda